Gitaa la Nyuzi Tano

Baba yangu ni fundi baiskeli. Watu humwita Mzee Spoki, wengine kwa sababu ya kazi yake, wengine kwa sababu ya wembamba wake, naye huwaitikia wote sawasawa. Mama alipoposwa, shangazi zake walimwonya kwamba upepo ukija na nguvu atabaki mjane. Upepo umekuja mara nyingi tangu hapo. Mzee bado yupo kwenye kigoda chake chini ya paa la bati, karai la maji mbele yake, akizamisha mpira wa tairi kutafuta mahali povu linapotokea.

Mimi ni kitinda mimba wake. Kazi yangu ni udobi, mtaa wa pili kutoka kwake, na mdomo wangu unajulikana mitaa yote miwili. Baba husema aliponiunda mimi alisahau breki. Mimi namwambia asilaumu baiskeli, alaumu fundi.

Naandika habari zake kwa sababu nisipoandika mimi hakuna atakayeandika. Hajawahi kuwa mwenyekiti wa kitu chochote. Hajakata utepe, hajapigwa makofi ukumbini, na picha aliyopigwa akiwa amevaa tai ni moja tu, tena tai yenyewe ilikuwa ya mpiga picha. Lakini huyu mtu alinifundisha kusikia, na sijui kitu kingine nilichopewa duniani kinachokizidi hicho.

Alinifundishia kwenye gurudumu. Rimu ikipinda, asiyejua hushika nyundo. Baba hulitundika gurudumu, akalizungusha, kisha akaanza kuzigonga spoki kwa ukucha wa dole gumba, moja baada ya nyingine, ameinamisha kichwa. Iliyokaza hulia juu, iliyolegea hulia chini, na ikizembea kabisa haitoi sauti, inatoa aibu. Nilikuwa bado sijang'oa meno ya utoto aliponikalisha mbele ya gurudumu na kuniuliza, "Ipi imelegea?" Nikaonyesha. "Tena," akasema. Nikaonyesha nyingine. "Tena." Baba hakuwa na neno la kusifia. Ukikosea alisema "tena", ukipatia alinyamaza akashika spana akaendelea na kazi. Watoto wa wenzetu walipewa peremende. Mimi nilipewa kimya, na nilikipenda.

Gitaa nalo lilikuja kwa njia ya baiskeli. Mwalimu mmoja aliyepata uhamisho alileta baiskeli yake itengenezwe kabla ya safari, na kwenye keria alikuwa amefunga gitaa lisilo na uzi hata mmoja. Baba akalitazama sana kuliko alivyoitazama baiskeli. Mwalimu akaona. "Chukua, fundi," akamwambia, "mimi litanisumbua njiani." Baba alilipokea kwa mikono miwili, akalibeba mpaka nyumbani akiwa amelikumbatia, na mama anasema siku hiyo ndiyo aliyojua kwamba ana mke mwenza.

Nyuzi za kununua hazikupatikana. Baba akachukua waya wa breki, akaufumua, akapata vijiwaya vyembamba vinavyong'aa. Kijiwaya kimoja kikawa uzi wa kwanza. Akasokota viwili viwili, vitatu vitatu, mpaka akapata nyuzi tano zinazosikilizana. Wa sita, ule mnene wenye sauti ya chini kabisa, ulimkataa. Akisokota vichache, unalia kama bati. Akiongeza, shingo ya gitaa inaanza kulalamika. Basi akaacha nafasi yake wazi, na sauti ile ya chini akawa anaitoa mwenyewe. Anafumba mdomo, anavuma kooni, sauti nene inayokaa chini ya nyuzi kama sakafu. Ukisikiliza ukiwa chumba cha pili, ungeapa kwamba ni gitaa zima.

Na mimi nikajifunza hivyohivyo, nyuzi tano. Siku moja, nimeshaingia ukubwani, rafiki yangu akanipa gitaa la kaka yake niwaonyeshe wote wawili ninachojua. Nikalishika, nikalitazama, nikauliza huu uzi mmoja wa ziada ni wa nini. Walicheka mpaka wakakaa chini. "Umefundishwa na nani?" "Na fundi baiskeli." Wakaanza upya. Nikawaambia gitaa lao limebeba mzigo usio wake, nikaenda zangu.

Baadaye kaka yangu, ambaye anajua kila kitu tangu aanze kuishi mji mwingine, alimletea baba nyuzi za dukani, pakiti nzima, zote sita. Baba alimshukuru sana. Akafunga tano. Wa sita akautundikia pazia la jikoni.

"Baba, huo ndio uliokuwa unakosekana!" kaka akasema.

"Haukukosekana," baba akajibu. "Kazi yake ina mwenyewe."

Hiyo ndiyo ilikuwa nyumba yetu. Jioni, baba ameshanawa grisi kwa mafuta ya taa na sabuni, anakaa kwenye benchi karibu na mlango, mimi nakaa mkabala naye, mama yuko jikoni mlango wazi. Baba anapiga na kuvuma, mimi naimba maneno, na nikisahau maneno natunga yangu. Hatukuongea sana, mimi na yeye. Na mimi naongea na kila mtu, mpaka na mashati ya wateja. Kwa baba sikuwa na haja.

Ndiyo maana ni mimi niliyeisikia kabla ya wote. Ilikuwa katika wimbo wake mmoja usio na jina, unaoshuka chini mahali fulani na kukaa huko. Aliposhuka, sauti ikakatika. Akakohoa, akarudia, ikakatika palepale. "Mnyororo unataka grisi," akasema, akanywa maji ya moto. Siku nyingine tena, palepale. Mama alisema ni vumbi, jirani akasema ni baridi, kaka kwenye simu akasema ni uzee. Mimi nilisikia spoki iliyolegea, na nikaogopa, kwa sababu spoki ikilegea nyingine zinabeba mzigo wake na gurudumu linakwenda mrama. Nilimsumbua baba mpaka akakubali kwenda hospitali, nadhani ili tu nimwache apumue.

Daktari alikuwa mwanamke mtaratibu, asiyezungukazunguka. "Mzee, ni saratani," akasema. "Uvimbe umekaa palepale sauti inapotokea. Tukiutoa, itabidi tutoe na kisanduku chote cha sauti. Utapumulia tundu hapa, chini ya shingo. Utakula, utatembea, utafanya kazi yako. Lakini kuongea kwa sauti yako, hapana."

"Na msipoutoa?" mama akauliza.

"Utakua, mama. Utaziba njia ya hewa."

Baba alikuwa anatazama mikono yake. "Na kuvuma?" akauliza.

"Kuvuma?"

Akafumba mdomo, akamwonyesha. Ilikuwa sauti iliyochakaa, inayokwaruza, lakini alishuka nayo kadiri alivyoweza. Daktari aliweka kalamu chini akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Na hiyo pia, mzee."

"Ahsante kwa kunieleza ukweli," baba akasema, akachukua kofia yake. Tulipofika nyumbani akatuambia haendi kukatwa.

Hapo ndipo nyumba ilipowaka moto. Kaka alipiga simu akifoka kwamba mgonjwa haulizwi uji, abebwe tu. Aliposikia mzee hasogei, akasema sikio la kufa halisikii dawa, na mama akamkatia simu. Hajawahi kumkatia simu mwanawe wa kwanza, wala kabla wala baada. Mama mwenyewe hakumsihi baba. Alipunguza tu maneno, akawa anaweka chakula mezani na kukaa akimtazama akila, kwa sababu kumeza nako kulianza kuwa kazi.

Mimi sikulia. Nilikasirika. Nilikasirika vibaya sana, kama mtu aliyeibiwa na mwizi anayemjua. Nikafunga kazi mchana, nikaenda kibandani kwake nikamkuta ametundika gurudumu.

"Baba, hiyo sauti unaifanyia nini?" nikamwambia, hata salamu sikutoa. "Huongei! Mteja akikusalimia unamjibu kwa spana! Unataka kufa kwa ajili ya kitu usichokitumia?"

Akagonga spoki, akasikiliza, akakaza kidogo. "Kwa maneno sijawahi kuihitaji sana," akasema. "Hilo kweli."

"Sasa?"

"Nikiitoa sauti hii, gitaa litabaki na shimo. Nitakuwa napiga nasikia shimo. Kila siku nasikia shimo." Alikuwa anaongea kwa shida, anasimama kila baada ya maneno machache. "Nimekula chumvi nyingi, mama. Niacheni nimalize nikiwa mzima."

Ananiita mama anapotaka nimwelewe. Nikamwambia sitaki kuelewa. Nikamwambia atuangalie sisi tutakaobaki na shimo kubwa kuliko lake. Kisha, nikiwa sijafikiri, kwa sababu breki ndiyo hiyo aliisahau, nikasema, "Basi nitavuma mimi."

Baba akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, akainama mpaka kikapita. "Wewe?"

"Mimi. Nilete hilo gitaa au nisilete?"

Jioni ile tukajaribu. Nilidhani ni jambo dogo, nimeusikiliza mvumo ule tangu tumboni. Baba akanitazama, akapiga uzi wa kwanza, nikavuma. Akasimamisha nyuzi kwa kiganja. "Umechelewa." Akaanza tena, nikavuma haraka zaidi. "Umechelewa." Nikamkodolea macho mkono wake, vidole vikitikisika tu na mimi nipo. "Umechelewa." Nilimuuliza nimechelewa wapi wakati nimeingia pamoja naye. Hakueleza. Mtu aliyemfundisha binti yake kwa neno moja hawezi kuanza hotuba uzeeni.

Tukaenda hivyo jioni baada ya jioni. Mchana nilivuma juu ya pasi, mwenzangu kazini akadhani nimepata mchumba. Jioni nilikaa mkabala na baba na kuambiwa nimechelewa. Nilijua tunachokifanya na yeye alijua, ingawa hatukukitamka: nikiipata sauti ile, atakwenda kukatwa, nisipoipata, hatakwenda. Nilikuwa nimeyashika maisha ya baba yangu kooni mwangu na nilikuwa nachelewa nayo. Hospitali, ambako sikuwa nimewaambia kwamba amekataa, wakapiga simu kwamba nafasi imepatikana wiki inayofuata, na tukiikosa hiyo hawajui nyingine ni lini.

Siku ile niliingia nimechoka, mikono inanuka wanga, sina hamu ya kugombana. Baba alikuwa amekonda hata jina lake halikumtosha tena. Akapiga, nikavuma. Nilijisikia nikichelewa. Nilingoja kiganja kishuke kwenye nyuzi, hakikushuka. Akaendelea, nikaendelea. Alipiga wimbo wote, ule unaoshuka, na mahali pa kushuka nikashuka kadiri ya uwezo wangu, ambao si mkubwa, akapita pale bila kusimama mpaka mwisho. Akatundika gitaa kwenye msumari wake.

"Mke wangu," akaita kuelekea jikoni, "lile shati langu jeupe liko wapi? Mtu haendi hospitali na shati la grisi."

Nikasikia sufuria ikianguka. Hadi leo sijui kama nilikuwa nimeipata ile sauti au alinihurumia tu. Sijamuuliza, maana yote mawili ningeyalilia.

Asubuhi ya operesheni tulisimama pembeni ya kitanda chake, mama, kaka aliyefika na basi la usiku, na mimi. Wote tulijua kwamba atakachosema ndicho cha mwisho kwa sauti yake. Kaka alikuwa ametoa simu arekodi. Nesi akasema wakati umefika. Baba akatutazama mmoja mmoja, akalamba midomo, akaniashiria nisogee.

"Ile baiskeli ya muuza maziwa," akasema. "Tairi la nyuma nimeshaliziba. Akija kusema lina pancha, muongo. Amekanyaga msumari mwingine."

Akasukumwa kwenda. Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya baba yangu, na baba yangu yuko hai. Nilicheka pale kwenye korido mpaka mama akanishika mkono, na aliponishika ndipo nilipogundua kwamba sicheki.

Alipona. Ilichukua muda, lakini alipona. Alirudi nyumbani na tundu shingoni, amelifunika kwa kitambaa cha pamba ambacho mama hukibadilisha na mimi hukipiga pasi, na sijawahi kupiga pasi nguo kwa uangalifu ule. Alirudi kibandani kabla daktari hajamruhusu. Wateja walizoea upesi. Kwa kweli wengine hawakuona tofauti. Akitaka mtu asogee, hugonga spana kwenye karai. Akitaka kusema "tena", hufungua kiganja na kukilaza hewani. Muuza maziwa alikuja kulalamikia pancha, nikamjibu mimi kwa niaba ya mzee, na nadhani angependa kujibiwa na mzee.

Gitaa halikushuka msumarini. Wiki zikapita, zikawa miezi. Mama alilifuta vumbi akalirudisha palepale. Jioni baba alikaa kwenye benchi, mikono magotini, akitazama barabarani, na mimi nilikaa mkabala naye nikiongea mambo ya mteja huyu na yule ili kimya kisiingie. Kilikuwa kimya kingine hiki, si kile cha utotoni. Nikaanza kujiuliza kama hakuwa sahihi yeye. Tulimng'ang'ania abaki, akabaki, na sasa amekaa anasikiliza shimo. Nilikuwa nikienda nyumbani kwangu nahesabika kama mtu, ndani nimeoza kwa hofu.

Kisha Jumapili moja mchana nikaingia nikakuta msumari mtupu. Baba alikuwa kwenye benchi na gitaa mapajani, anakaza nyuzi, amezitegea sikio moja moja. Nikakaa mahali pangu. Akamaliza, akaweka vidole vya kushoto kwenye shingo ya gitaa, mahali palepale anapoanzia siku zote, ambapo mbao imekuwa nyeusi kwa grisi ya miaka. Mkono wa kulia akaulaza juu ya nyuzi. Akanitazama.

Nikangoja. Nilikuwa tayari, pumzi nimeiweka kifuani, macho kwenye vidole vyake ili visinipite. Havikusogea. Akaendelea kunitazama. Nje kuna mtu alipita na redio, akatokomea nayo. Vidole havikusogea. Macho ya baba yakaanza kulowa, na mimi nikaona kwamba hawezi, kwamba mkono umekufa pamoja na koo. Nikainuka nikaingia jikoni kabla hajaniona uso.

"Hawezi, mama," nikasema. "Tumemponya shingo, tumemuua mwenyewe."

Mama alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua macho. "Amefanya nini?"

"Hafanyi kitu. Namngoja aanze, haanzi."

"Yeye? Tangu lini akaanza yeye?"

Nikageuka nikamchungulia baba mlangoni.

"Mwanangu, baba yako hajawahi kuanza kwa mkono," mama akasema. "Huvuma kwanza, kidogo tu, halafu mkono unaifuata sauti. Miaka yote nimekaa hapa nawasikia. Wewe ulikuwa unangoja gitaa ndipo uvume. Hakukwambia?"

"Aliniambia nachelewa."

"Basi alikwambia." Akatupa jiwe moja dogo nje ya dirisha. "Rudi ukakae. Mwenzio anakungoja."

Nikarudi. Baba hakuwa ameondoa hata kidole kimoja. Nikakaa, na nikaona hofu ambayo sijawahi kuiona, kwa sababu sijawahi kumtangulia baba yangu, hata mlangoni. Nikafumba mdomo, nikaanza.

Nilianza juu mno. Sauti yangu haifiki kule chini alikokuwa akiishi yeye. Nilijua palepale kwamba nimekosea, nikangoja kiganja kifunguke. Baba aliinamisha kichwa, akaisikiliza sauti yangu. Kisha akauinua mkono wa kushoto kutoka mahali pake peusi, akaupandisha kwenye shingo ya gitaa, akapapita pote ninapopajua, akatafuta, akakosa, akatafuta tena, mpaka akanipata pale nilipo. Akaanza kupiga.